Siku Niliyosema Treni ya Baba Imezindikwa

Jamani, habari hii mimi huwa siisimulii. Wanaisimulia wenzangu, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, mpaka nikiisikia stendi naona kama ni ya mwanamke mwingine, mjinga kuliko mimi. Leo nimeona niiseme mwenyewe, kwa sababu ni mdomo huuhuu ulioianzisha. Hapa Bariadi bado wapo wanaokutana na mimi njiani wakauliza, "Minza, ile treni bado inauma?" halafu wanacheka, na mimi nacheka pia (ungefanyaje?), kisha nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni, sijui hata nimekaa muda gani. Aibu yangu ndiyo hiyo, nimeitanguliza ili msije mkasema nimeificha.

Kazi yangu ni kusherehesha. Harusi, sendofu, kipaimara, mtoto kutimiza mwaka, mimi ndiye yule mama mnene mwenye kilemba kirefu anayeshika maiki na kuwaambia watu wainuke, wakae, wacheze. Watu wa kazi yangu tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kusema jambo kama lilivyo, lazima tulivishe nguo, na ukishazoea hivyo ukumbini unarudi na ugonjwa huo mpaka nyumbani, hata ugali ukiungua unautungia hadithi.

Baba yangu, Mzee Mayunga, yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Alikuwa mtu wa reli, kituo cha Malampaka, kazi yake kuvuta ule wenzo wa chuma unaohamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine, na kupunga bendera, na kuinua taa. Mtu wa maneno machache. Alipostaafu wakahamia Mwamapalala yeye na mama, wakawa na ng'ombe wao na shamba la pamba, mpaka mama alipofariki. Ng'ombe waliendelea kula majani, ila baba ndiye aliyesimama kama treni iliyozimika. Nilimkuta siku moja amekaa ameelekea ukuta wa nyumba, kwa karibu hivi, kama mtu anayesoma kitu. Nikamfungashia nguo nikamleta kwangu mjini.

Nyumbani kwangu kuna stoo ambako nilikuwa naweka viti vya plastiki na mapambo ya sherehe. Baba akaniomba kona. Nikadhani anataka mahali pa kuweka jembe lake. Kumbe akaanza kuokota vitu. Spoki za baiskeli kwa fundi wa jirani, akazinyoosha zikawa reli. Miti ya pamba iliyokauka, akaikata vipande vidogo akavilaza chini ya zile spoki, vikawa mataruma. Makopo ya rangi yakawa mabehewa. Mota akaitoa kwenye redio yangu ya kaseti iliyokufa zamani, akaifunga kwenye injini ya bati, umeme ukatoka kwenye betri ya sola, na siku ile treni ilipozunguka stoo nzima kwa mara ya kwanza, ikapita darajani, ikazunguka mlima wa udongo na gundi, ikarudi kituoni na pamba nyeupe imechomekwa kwenye bomba kama moshi, baba alisema, "Haya," akatabasamu. Nilikuwa sijayaona meno ya baba tangu msibani.

Viti vyangu nikavihamishia sebuleni. Ningefanya nini?

Kituo alichokijenga ni Malampaka, na pale kwenye jukwaa la abiria aliweka mwanamke mmoja, mrefu kama kidole, amevikwa kipande cha kitenge, kichwani ana sinia la viazi vitamu. Mama yangu alikuwa anauza viazi vya kuchemsha pale stesheni wakati baba ni kijana, ndiko walikoonana. Treni ikifika mbele ya yule mwanamke baba anakata swichi, inasimama, na yeye anakaa kimya anaangalia. Mwanzoni nilidhani anaipumzisha betri.

Sasa mtu mmoja (ni mimi) akaweka picha kwenye simu. Wageni wakaanza kuja. Wa mtaani, wa kanisani, waliokuja mnadani, ndugu wa kule Mkula na rafiki za ndugu wa Mkula, wanapiga hodi, "Tumekuja kuona reli." Baba alifurahi, nisiwe muongo. Anawakaribisha, anawawashia, anawaeleza hapa pointi, hapa daraja. Shida ni kwamba sisi watu wa huku hatuangalii kitu kwa macho, tunaangalia kwa vidole. Mmoja anabonyeza mlima ajue ni saruji au udongo. Mwingine anainua injini aone tumboni kuna nini. Jamaa mmoja aliegemea daraja ili apigwe picha, likavunjika, na yeye akasema, "Kumbe si imara."

Na baba hakemei mgeni. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa yote miwili, na bado kila wageni wakiondoka anavaa miwani anakaa chini na koleo lake dogo anarudisha reli mahali pake, anakosea, anarudia. Nilimwambia, "Baba, wakataze." Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mtu ametoka kwake kuja kuona kitu chako, umwambie toa mkono?"

Basi nikajipa mimi kazi ya ulinzi. Nikabandika karatasi, USIGUSE. Waliisoma kwa sauti, wakagusa. Nikafunga utepe mwekundu kuzunguka stoo, ule wa sherehe, nikasema hapo hawatavuka, na mgeni wa kwanza kuuona akaniuliza mgeni rasmi wa kuukata ni nani. Mtu pekee aliyekuwa hagusi alikuwa Bwana Salum, mwenye duka la vitu vya jumla ng'ambo ya barabara. Huyo kila akitoka kuswali alasiri anakuja na birika lake la kahawa, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasema, "Mzee Mayunga, leo treni imechelewa," na baba anajibu, "Ng'ombe walikuwa kwenye reli," wanacheka wawili tu.

Siku iliyoniharibia akili ni siku walipokuja wamama wa kwaya. Mmoja akamwinua yule mwanamke wa kituoni amwone vizuri, akamgeuza hivi na hivi, shingo ikakatika. Akasema, "Ooh, pole Mzee, kalikuwa kadoli?" Baba akasema, "Hakuna neno, mama. Wabeja, asante kwa kuja." Walipoondoka nilimkuta anajaribu kukibandika kile kichwa. Gundi iko kwenye vidole, kwenye miwani, kwenye kila kitu isipokuwa shingoni, na mikono inacheza. Nikamwomba nimsaidie, akakataa bila kuniangalia. Baadaye alitengeneza mwingine, lakini tuliona wote kwamba hakufanana na yule wa kwanza.

Wiki hiyohiyo wakaja wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Baba alikuwa nje. Mmoja wao akanyoosha kidole kuelekea jukwaani, na mimi, jamani, nikatamka, yaani lilitoka lenyewe, "Macho tu, shoga zangu, macho tu, Mzee ameizindika hiyo kwa dawa. Aliyeigusa juzi mkono umevimba kama muhogo."

Walicheka. Lakini walicheka huku mikono wameirudisha nyuma. Wote! Nikaona wanawake wazima wamesimama mikono mgongoni kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, na hakuna kilichoguswa, hata jani. Mjue utamu wa kitu kile. Karatasi imeshindwa, utepe umeshindwa, neno moja limeweza.

Kwa hiyo nikaendelea. Na mnajua ugonjwa wangu, neno halikubaki uchi, nikalivisha. Mara dawa imetoka mbali. Mara baba alipewa na mzee mmoja kule relini, ndiyo maana treni zake hazikuwahi kuanguka. Mara usiku injini inazunguka yenyewe. Nilikuwa nasema kwa kicheko, nakonyeza, nikijua kila mtu anajua. Bwana Salum aliponisikia alinifuata mpaka mlangoni akaniambia, "Minza, wewe unasema unacheka. Yule aliyekwenda nalo nyumbani hacheki." Nikamwambia, "Bwana Salum, ni mzaha wa kulinda kitu cha mzee, wewe unanijua." Akasema, "Mimi nakujua." Akaondoka.

Wageni wakapungua. Kisha wakakatika. Baba akawa anafagia stoo asubuhi, anapangusa mabehewa, anaacha mlango wazi, anakaa. Akaniuliza, "Watu wamechoka na treni?" Nikasema, "Wamechoka, Baba, si unajua watu." Hapo, kama ni kumwambia, ndipo palikuwa mahali pake. Nilipita.

Aliyebaki anakuja ni Pendo, mtoto wa jirani yetu Mama Pendo, kasichana kembamba, baba alikuwa anamwachia kabisa ile swichi abonyeze. Naye mama yake akamzuia. Halafu nikasikia Pendo mkono umevimba. Nikasema jipu hilo, wamkande na maji ya moto, nikaendelea na shughuli zangu, maana nilikuwa na sendofu ya kumuaga bibi harusi, Holo, mdogo wake huyohuyo Mama Pendo, na mimi ndiye mshereheshaji. Sikujua kwamba mtoto amepelekwa kwa mganga nje ya mji, akapakwa dawa, akarudishwa, na kwamba ndani ya familia walikuwa wanabishana kama mimi niondolewe au niachwe, na waliokuwa wanasema niondolewe wameshindwa kwa kura chache.

Sendofu ilikuwa mchana, ukumbi umependeza, vitambaa vya bluu na dhahabu, keki ya ghorofa. Baba alialikwa kama jirani, akavaa koti lake la kaki, akakaa na Bwana Salum upande wa wazee. Mimi nimevaa kilemba kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvaa na viatu vya kisigino ambavyo mtu wa uzito wangu hapaswi kuvitazama hata dukani. Na nilikuwa nimempa DJ maelekezo, nikamwambia kijana wangu, nikinyamaza tu, hata kidogo, wewe weka wimbo, usiache ukumbi upoe.

Bibi harusi akaingia. Desturi ni mimi kumshika mkono nimpeleke kwa wazazi wake. Nikanyoosha mkono, nimeshaanza maneno yangu ya malkia na nini na nini, akasimama senge yake, yaani shangazi yake wa upande wa baba, mama mmoja wa Mkula mwenye sauti inayoita ng'ombe ng'ambo ya mto, akasema bila maiki:

"Usimshike huyo mtoto!"

Nikabaki mkono hewani.

"Baba yako amemfunga mjukuu wetu mkono kwa treni yake ya uchawi, na wewe unataka kumshika huyu naye? Mkono wa nyumba ile usiguse mtu wa nyumba hii!"

Nikanyamaza. Na DJ, mtoto mtiifu, akaweka wimbo.

Akaweka ule wa furaha kuliko yote, kwa sauti ya mwisho, na kamati ya maandalizi huko nyuma ambayo haikusikia chochote ikaingia inacheza na keki kichwani, wanatingisha mabega, wanapepea leso, huku senge ananionyesha kidole na bibi harusi ameanza kulia. Nikampungia DJ mikono azime. Akadhani nacheza, akaongeza. Ilibidi Bwana Salum aende mwenyewe akamshike bega.

Ukumbi ukatulia. Macho yote kwangu. Nikamtafuta baba. Alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya fimbo, ananitazama mimi, si senge, mimi, uso umejaa swali tu. Nikaona leo hapa hapa nitaisafisha. Nikainua maiki nikasema:

"Ndugu zangu, nisikilizeni. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilisema kwamba baba yangu ameizindika ile treni, na kwamba kila atakayeigusa mkono wake utavimba—"

Hapo nilikuwa nasogea nyuma ili niwaone wote, kisigino kikaingia kwenye waya mkubwa wa umeme, ukang'oka ukutani. Maiki ikafa. Muziki, feni, taa za rangi juu ya meza kuu, vyote vikafa kwa pamoja. Yaliyobaki mdomoni ni kwamba nilitunga, kwamba ni uongo wangu, na niliyasema, Mungu ni shahidi, niliyasema kwa nguvu zote, lakini nani aliyasikia? Mtu mmoja alipiga yowe, "Mzee amefanya uchawi!" na ukumbi mzima ukainuka. Viti vikaanguka, watoto wakavutwa mikono, keki ikashuka kutoka kichwani kwa mwanakamati ikakanyagwa, mimi mwenyewe nikasukumwa nikakaa chini, kilemba kikaondoka na miguu ya watu. Bwana Salum alikuwa anapaza sauti, "Ni waya! Jamani, ni waya huo!" na hakuna aliyegeuka.

Nilipoinuka, katikati ya viti vilivyolala alikuwa amesimama baba peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kumzunguka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Bwana Salum alitusindikiza mpaka getini akatuacha. Tulipoingia baba akauliza, "Ulisema?"

"Nilisema, Baba. Ilikuwa mzaha. Nilitaka wasiguse. Walimvunja mama."

Akaegemeza fimbo ukutani. "Uliniambia watu wamechoka."

Nilisubiri anitukane, kwa kweli nilitamani anitukane. Badala yake akachukua fimbo yake akasema, "Huyo mtoto yuko wapi?"

Tukavuka kwa Mama Pendo. Uani wamejaa ndugu na nguo zao za sherehe, walipotuona wakaacha kuongea. Pendo amelala kwenye mkeka, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, umepakwa dawa nyeusi, macho yake hayamwoni mtu. Baba akawasalimu wote kwa heshima, wakajibu kwa shida. Akauliza, "Hospitali mmempeleka?"

Senge akajibu, "Hospitali wana dawa ya kitu chako?"

Nikaanza kulia, nikapiga magoti, "Ni uongo wangu, nilitunga mimi, Mama Pendo, nitashika hata biblia." Mwanamume mmoja akasema, "Wewe nyamaza, hapa si ukumbini." Mama Pendo hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

Baba alimwangalia yule mtoto, akawaangalia wao, na mimi nikamwona anafika mahali fulani ndani ya kichwa chake. Akasema, "Sawa. Ni mimi."

"Baba!"

Akaninyamazisha kwa mkono. "Ni mimi niliyeweka, na mimi nitaondoa. Leteni maji."

Wakaleta maji kwenye kibuyu. Akanawa. Akamnyunyizia mtoto kidogo. Kisha akasita, mzee wa watu hakujua hata waganga wanafanyaje, nilimwona anatafuta, halafu akanyoosha mgongo wake, akainua mkono wa kulia akaupitisha polepole juu ya kichwa chake, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, vilevile alivyokuwa akiruhusu treni kuondoka Malampaka. Ule mkono haukutetemeka. Akasema, "Nimetegua. Njia iko wazi. Changu kimetoka, kilichobaki hapo ni kidonda tu, na kidonda ni cha daktari. Mpelekeni sasa hivi. Mkikawia kitarudi, na kikirudi mimi sikiwezi."

Jamani, hakuna aliyeuliza swali. Bajaji iliitwa, mtoto akabebwa, na yule senge ndiye aliyetangulia kupanda. Hospitali walimpasua pale kiganjani, wakakuta mwiba wa mgunga umezama umeoza ndani. Daktari alimwambia Mama Pendo kwamba wangekaa kidogo tu, mkono usingebaki. Pendo alipona. Leo anaandika kwa mkono huohuo.

Na baba, je?

Baba ndiyo akawa mganga. Kwa sababu, jamani, ushahidi upo, mtoto alikuwa anakufa, mzee akategua, mtoto akapona, nani atakataa? Huo mwiba walisema ndio dawa yenyewe ilivyogeuka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, mimi niliyezoea watu wanipigie makofi, nikieleza uongo wangu kuanzia mwanzo, wananisikiliza mpaka mwisho, wananipa kiti na maji, halafu wananiambia, "Unafanya vizuri, mtoto lazima amfiche baba yake."

Kuna siku jiwe lilitua juu ya bati la nyumba. Na kuna wafanyabiashara walioacha kununua kwa Bwana Salum kwa kuwa anakunywa kahawa na mzee wetu, naye hakuacha kuja, alikuja na birika lake kama kawaida, akakaa kwenye ndoo yake.

Kilichonimaliza ni kwamba wageni walirudi. Mmoja alitoka Kiloleli, mfugaji, amebeba kuku mweusi chini ya kwapa. Baba akainuka kwa furaha, "Karibu sana, umekuja kuona treni?" Yule mtu akasema kwa sauti ya chini, "Hapana Mzee, nimekuja kwa ile kazi yako nyingine. Ndama wangu wanakufa." Baba akamwambia yeye ni mtu wa reli tu, aende kwa bwana mifugo. Lakini akamwashia treni. Ikazunguka, ikapita darajani, ikasimama kituoni, na yule bwana alikuwa amebana mgongo ukutani, kuku kamkumbatia, jasho linamtoka, anaomba kwa macho aruhusiwe kuondoka. Wakaja wengine, wa biashara, wa mapenzi, wa kesi za mashamba. Hakuna aliyegusa kitu. Hakuna hata aliyetazama.

Siku moja baba akazima swichi treni ikiwa katikati ya njia, akasema anarudi Mwamapalala kwa mdogo wake.

Nikamsihi. Nikasema, "Baba, twende kwa mtendaji, twende kanisani, nitasimama nitasema mbele ya watu wote."

"Ulishasema mbele ya watu, Minza."

"Basi sema wewe! Kana! Sema ulidanganya ili mtoto apelekwe hospitali."

"Nikikana," akasema, "mtoto mwingine akiumwa watasema hata lile neno la kwenda kwa daktari lilikuwa uongo, na huyo watampaka dawa nyeusi mpaka afe. Sasa hivi wanajua mganga mwenyewe ndiye aliyesema nendeni kwa daktari. Acha wajue hivyo." Kisha akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Pika, tule."

Aliondoka na begi lake na koleo lake. Treni aliiacha, akasema niwape watoto. Niliipanga kibarazani, nikakaa pembeni yake na maandazi kwenye sahani. Watoto walisimama barabarani wakiitamani, kisha mama zao wakawaita majumbani, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo, nyie wenzangu, mkiwa na kitu hamtaki kiguswe, simameni mlangoni mseme usiguse. Mgeni atanuna, aende akawaseme kwamba mna roho mbaya, na baada ya siku chache atasahau. Mimi nimeapa sitamsingizia tena mtu jambo, hata la kumsifu, hata la kumlinda. Naona nimechelewa, ila nimeapa.

Juzi nilikwenda kumwona. Baba mdogo amehamia upande wa malishoni, sikuijua vizuri njia, nikamsimamisha mama mmoja aliyebeba ndoo ya maji, nikamsalimu, mwadila, nikamuuliza nyumba ya Mzee Mayunga. Hamjui. Nikamwambia mzee mrefu, mwembamba, alikuwa anafanya kazi reli, Malampaka. Hajawahi kumsikia. Akatua ndoo, akanitazama, akashusha sauti.

"Au unamtafuta yule mganga wa treni?"

Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetembea sana. Nikasema ndiyo, mama, ndiye huyohuyo, na yeye akanyoosha mkono kunionyesha njia.